Punda kala mchicha wangu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii tafakari yangu imetoka kwa punda, msinicheke. Tangu masika yaanze nimepanda mchicha uani hapa Lamu, na bamia pembeni, nakinga mvua kwa mapipa maanake maji ya kisima chetu yana chumvi, ukimwagilia hayo majani yanaungua ncha. Mchicha ukanona wallahi. Juzi narudi swala ya Alfajiri nakuta punda wa watu kashaingia, vichwa vyote vya mchicha kavimaliza, bamia kazikanyaga, na yeye katulia anatafuna ananitazama tu. Hasira zilinipanda! (Ingawa samadi niliyotia ni ya haohao punda, tuwe wakweli.)

Basi nikakumbuka ile hadithi ya Mtume waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu hapandi kitu akala humo ndege au mtu au mnyama ila kwake ni sadaka. Nikapoa.

Lakini hebu tuulizane, mbona hadithi hii tunaikumbuka mnyama akishakula? Mtu naye katajwa mle! Jirani akimtuma mtoto na kisahani, "mama anaomba mchicha kidogo", anajibiwa umekwisha, na mchicha mwenyewe mtoto anauona pale nyuma yako. Ndugu zangu, hiyo ni nini? Mtume wetu swalallahu alayhi wasallam alimwambia swahaba wake Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji awape majirani, yaani mchuzi! Na Suratul Maun tunaisoma kila siku kwa kuwa ni fupi, tunapita mbio pale wanapotajwa wanaoswali kwa kujionesha na huku wanawanyima watu vitu vya kusaidiana. Alichokula punda hukukitoa wewe, umenyang'anywa, na Mola kwa ukarimu wake bado kakuandikia. Sasa utakachotoa kwa mkono wako, na uso mkunjufu, kabla hujaombwa, kitakuwaje? Toeni jamani. Na mchicha usiung'oe, ukate juu tu utachipua tena, utakula wewe na jirani.

Na nyinyi mnaowamwagia punda maji ya moto, mcheni Allah, hilo tutalizungumza siku yake.

Mimi mbegu za kunde zimenibakia, anayetaka apite baada ya Alasiri aje na karatasi ya kufungia. Mwenye punda naye karibu, ila amfunge usiku.