Mzee wa Nilikwambia

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa stoo, naingiza kwenye kompyuta mizigo inayoingia na inayotoka, na supavaiza wangu tulimpa jina la Mzee wa Nilikwambia (sio mbele yake lakini). Yaani kitu chochote kikiharibika yeye alishakwambia. Ukimuuliza mzee uliniambia lini, anakutazama juu ya miwani kama vile umemtukania mama yake, halafu anarudia taratibu, "Wewe kijana. Nilikwambia." Na maagizo yake yote yalikuwa ya mdomo, tena huku anatembea, wewe uko nyuma unamkimbiza na kalamu huna hata pa kuandikia.

Kuna siku alinifokea mbele ya vibarua wote kisa pisi 540. Kitabu kinasema zipo, kompyuta inasema hazipo, kwa hiyo mwizi ni nani, mimi. Basi watu wakaondoka nikabaki mwenyewe napitia kitabu mstari kwa mstari, macho yananiwasha, akapita dada mmoja wa uhasibu anaenda zake nyumbani akaniuliza tofauti ngapi, nikamwambia, akasema gawanya kwa 9. Nikagawanya, 60 kamili. Akasema haya anza kutafuta namba iliyogeuzwa, kwa sababu mtu akibadilisha nafasi za tarakimu mbili tofauti yake lazima igawanyike kwa 9, sio kwamba kila inayogawanyika ni hiyo ila anzia hapo. Akaondoka. Haikufika robo saa nikaipata, 6,170 imeandikwa 6,710, na mwandiko jamani ni wake mwenyewe, ile saba yake yenye kamstari katikati.

Asubuhi nikampelekea kwa adabu zote. Akaangalia, akafunga kitabu. "Si nilikwambia uwe unaangalia vizuri?"

Nilicheka, ila usiku sikulala.

Tangu hapo nikaanza katabia kamoja. Akishatoa agizo tu namtumia meseji, "Mzee nimekuelewa kwamba tufanye hivi na hivi, kama nimekosea nirekebishe." Mara nyingi anajibu dole gumba basi. Wenzangu wakanitania eti namtongoza mzee. Mimi wala sikuwa napanga vita, nilikuwa nataka tu siku nyingine niweze kulala.

Ikafika stoku ya mwisho wa mwaka. Sasa aliyewahi kufanya stoo anajua, mkianza kuhesabu mnasimamisha kila kitu, hakiingii kitu hakitoki kitu, la sivyo mtaandika mzigo ambao umeshaondoka na gari au mtahesabu kimoja mara mbili. Tuko katikati, mzee huyo, gari la mteja liko nje, pakieni katoni 48, karatasi tutafanya kesho. Nikamwambia mzee mstari huo tumeshauhesabu na fomu imeshasainiwa. "Pakia." Nikapakia. Meseji nikatuma. Dole gumba.

Siku mbili baadaye tumeitwa, meneja yupo, mkaguzi yupo na makaratasi yake, wamerudia kuhesabu na katoni 48 hazionekani, na ile kesho ya karatasi haikuwahi kufika. Hata sijaulizwa, mzee kashadaka, "Mimi huyu kijana nilimwambia wakati wa kuhesabu asitoe kitu."

Nikatoa simu. Kichwani nilikuwa nimeshaipiga hiyo picha mara nyingi sana, naweka simu mezani kwa utulivu, meneja anasoma, mzee anakosa pa kutazama. Kilichotokea, nimeiweka mezani skrini ikazima. Nikaichukua, naweka paswedi, mkono unatetemeka, nimekosea. Narudia, nimekosea tena, watu wazima watatu wananisubiri mimi na kidole changu chenye jasho. Ya tatu ikakubali.

Meneja akasoma, akampa mkaguzi, naye akasoma na kuandika kitu. Mzee akavua miwani akawa anaifuta na upindo wa shati, muda mrefu, hadi nikaanza kumwonea huruma, sijui ya nini. Akasema, "Ah. Basi nilisahau." Meneja akasema andaeni karatasi za hizo katoni leo leo, tuendelee. Ndo basi. Mimi nilikuwa nategemea sijui radi.

Baada ya hapo mzee alibadilika kweli, kwangu. Akawa ananiita jina langu, maagizo anaandika kwenye karatasi na sahihi anaweka bila kuombwa. Nilikuwa nayafaidi, nisidanganye.

Halafu akaja binti mmoja wa fildi. Wiki yake ya pili tu niko nyuma ya rafu nasikia, "Wewe binti, si nilikwambia?" Nikachungulia. Kasimama na kalamu, hana pa kuandikia, na midomo anaiuma ili asilie. Mimi nina ubao wangu wa kuhesabia mkononi, nikarudi kuhesabu.

Ile mbinu ya meseji nilikuja kumwelekeza, lakini ilinichukua miezi mitatu. Nimejaribu kutafuta sababu ya kueleweka, kwamba nilikuwa bize, kwamba hayanihusu, ila ukweli ni kwamba kulikuwa na raha fulani tamu ya kusikia zamu sio yangu. Siku namwonyesha, pale pale stoo, yeye kaegemea katoni, kanisikiliza mpaka mwisho, akaandika meseji ya kwanza nikamrekebishia maneno mawili, akatuma, dole gumba likaja.

Akaniangalia. "Kaka, kumbe ulikuwa unajua muda wote huu?"