Uvimbe uliokuwa ukinipiga shoti

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kinundu kilianza kidogo kama karanga, upande wa ndani wa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Hakikuuma. Ila gunia likikigusa, shoti ilikimbia hadi kidole cha pete na cha mwisho.

Kwenye zahanati moja niliambiwa, "Mafuta tu hayo mama, tunakata sasa hivi." Nikapanda kitandani. Alipokibonyeza wakati ananipaka spiriti, nilipiga kelele, nikashuka na kwenda zangu. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa zile kelele.

Nilipanda hospitali ya Bugando. Daktari kijana aliniamkia, akaanza na vidole vyake. Alikisukuma kinundu kushoto na kulia, kikacheza. Alipokisukuma kuelekea kiwiko, kikagoma. Akakigonga taratibu. Shoti ile ile! "Mama, hiki kimekaa kwenye mshipa wa fahamu. Uvimbe wa mafuta kwa kawaida haupigi hivi." Akaniuliza: kinakua haraka? Kinauma usiku? Mkono unaishiwa nguvu? Una mabaka ya kahawia mwilini, au ndugu wenye vinundu vingi? Yote hapana. Majibu hayo yalimpa moyo kwamba huenda si saratani, wala ule ugonjwa wa kurithi unaoleta vinundu vingi.

Vipimo vya picha, utrasaundi na MRI, vilionyesha duara lililong'ang'ania mshipa. Jina lake shwanoma: hutokana na seli zinazoufunika mshipa wa fahamu, zilizopewa jina la Theodor Schwann wa Ujerumani.

Niliogopa mkono kupooza, nikamwambia daktari wazi. Akanichorea: nyuzi za mshipa zimesukumwa pembeni, zinauzunguka uvimbe. Ganda hupasuliwa kwa urefu, kufuata nyuzi, kisha uvimbe unamenywa utoke na mshipa ubaki. Angekata mtu anayedhani ni mafuta, angeondoka na mshipa wenyewe. Mchoro ule ndio ulionifanya nisaini.

Nilipewa nusu kaputi. Majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yakathibitisha: shwanoma, si saratani.

Kidole cha mwisho kilibaki na ganzi karibu miezi miwili. Kila siku nilikikunja na kukinyoosha kama nilivyoelekezwa, nikikigusa kujaribu. Hadi asubuhi moja, nikichambua dagaa, nikahisi mchanga ukikikwaruza. Nikaacha ndoo, nikalia pale pale mezani.