Filamu 25 zilizokosekana kwenye maktaba ya Jellyfin: nilivyozipata

Jellyfin ni programu ya seva inayopanga video zako na kuzirusha kwenye vifaa vyako. Diskini kulikuwa na filamu 212, maktaba yake ikaonyesha 187. Zile 25 zilikuwepo na zilicheza bila shida nikizifungua kwa kicheza video cha VLC. Kuskani upya hakukuleta hata moja. Wengi wakifika hapo hufuta maktaba nzima na kuiunda tena, jambo ambalo halisaidii kitu, kwa sababu seva itarudi kusoma folda zilezile kwa ruhusa zilezile.

Swali la kwanza ni moja: seva inaona nini? Kwenye Linux, Jellyfin huendeshwa na mtumiaji wake, anayeitwa jellyfin. Unachokiona wewe yeye huenda hakioni. Kwa hiyo nilihesabu kwa macho yake:

sudo -u jellyfin find /srv/video/Filamu -type f -size +50M | wc -l

Ile +50M huacha nje manukuu na picha za majalada. Jibu lilikuwa 196, na juu yake mistari 16 ya kunyimwa ruhusa. Filamu 16 zilikuwa zimejulikana tayari.

Nilichukua folda moja kati ya hizo nikaandika namei -l na njia yake kamili. Amri hii naipenda sana, maana inapanga ruhusa za kila hatua kuanzia / hadi kwenye faili lenyewe. Hatua ya mwisho ilisomeka drwx------, yaani mwenye folda peke yake ndiye anayeingia. Folda hizo zilikuwa zimenakiliwa kutoka kompyuta nyingine kwa rsync -a, amri ya kunakili ambayo hubeba ruhusa za zamani kama zilivyo.

Dawa ni amri mbili, ya kwanza ya folda, ya pili ya faili:

sudo find /srv/video/Filamu -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /srv/video/Filamu -type f -exec chmod 644 {} +

Usizichanganye. Folda ikipewa 644 inakosa x, na bila x hakuna anayeingia ndani hata kama majina yanaonekana. Na 777 achana nayo: inampa kila mtumiaji wa kompyuta uwezo wa kufuta filamu zako, wakati seva inahitaji kusoma tu.

Diski ya exFAT (mfumo wa faili unaotumika sana kwenye diski za nje) haihifadhi ruhusa hizi, hivyo chmod haitabadilisha chochote. Huko ruhusa huwekwa wakati wa kuiunganisha: kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa, andika uid na gid (namba za mtumiaji na kikundi) na umask=022 (ruhusa), kisha ongeza nofail ili kompyuta isikwame inapowaka diski ikiwa haijachomekwa. Epuka pia kuiachia diski ijiunganishe yenyewe chini ya /media/jina-lako. Mara nyingi folda hiyo hufunguliwa kwa ajili yako peke yako.

Zikabaki 9. Nne zilikuwa na .part mwishoni mwa jina, yaani hazikumaliza kupakuliwa. VLC hucheza kipande kilichopo, ndiyo maana zilionekana nzima. Tatu zilikaa kwenye folda yenye faili tupu liitwalo .ignore, ambalo huiamuru Jellyfin iruke folda hiyo. Jina likianza na nukta, ls ya kawaida hailionyeshi. Tumia ls -a. Mbili za mwisho hazikupotea kabisa: kila moja ilikuwa toleo la pili la filamu iliyokuwa tayari kwenye maktaba. Kwa mfano, folda “Jina (2018)” ilikuwa na “Jina (2018) - 1080p.mkv” na “Jina (2018) - 720p.mkv”, nayo Jellyfin huzihesabu kama matoleo mawili ya filamu moja. Ukifungua ukurasa wa filamu utakuta sehemu ya kuchagua toleo.

Kama video zinakosekana kwa sababu ni mpya tu, angalia zinakaa wapi. Jellyfin hutegemea inotify, sehemu ya Linux inayotoa taarifa folda inapobadilika, kupata habari za faili jipya, na kwenye folda ya mtandao, NFS au SMB, faili lililowekwa na kompyuta nyingine halitoi habari hiyo. Folda za namna hiyo nimeziwekea ratiba ya kuskani kila baada ya saa 3.