Kirk: Neno la Uskoti na Majirani Zake wa Buganda

Waskoti na watu wa kaskazini mwa Uingereza wana neno lao la kale la kanisa, nalo ni kirk. Alexander Mackay, mhandisi aliyefika Buganda mwaka 1878 na kuhubiri kwa Kiswahili mbele ya Kabaka Mutesa, alizaliwa Rhynie, Aberdeenshire, katika nchi ya neno hilo, akiwa mwana wa mchungaji.

Asili ya neno kirk ni ya Kigiriki: kyriakon, yaani “ya Bwana”. Neno lilipoingia katika lugha za jamii ya Kijerumani na kufika Uingereza, k ya kusini ililainika ikawa ch, ikatoka church. Lakini kaskazini, walikofanya makao Waskandinavia waliosema kirkja, k ilibaki ngumu. Ndiyo sababu Lancashire ina mji wa Ormskirk, na visiwa vya Orkney vina Kirkwall, ambayo maana yake ya awali ni ghuba ya kanisa. Kirkcaldy isichanganywe humo, kwa kuwa mwanzo wake ni caer, yaani ngome.

Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, Kirk lilikuwa pia jina la Kanisa la Uskoti lenyewe. Baraza la wazee wa kila usharika liliwahukumu wazinzi na waliovunja Sabato, na mkosaji alikalishwa kwenye kigoda cha toba mbele ya waumini wote, siku ya ibada. Neno likawa hata kitenzi, kwa maana ya kumpeleka bibi harusi kanisani kwa mara ya kwanza baada ya ndoa.

Linalonivutia zaidi ni jina la Falkirk. Kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, mji huo huitwa An Eaglais Bhreac, kanisa lenye madoadoa, na Waskoti walilifasiri kwa faw, yaani madoadoa, na kirk. Eaglais limetokana na neno la Kigiriki ekklesia, mkutano, na hapo ndipo Mganda anapokutana na ndugu yake, kwa sababu Wakatoliki wa kilima cha Rubaga, Kampala, husema eklezia kutokana na shina hilohilo. Waanglikana wa kilima cha Namirembe husema ekkanisa, lililopita kwenye Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake la Kiaramu ni kukusanyika. Kwa hiyo vilima vyote viwili, vilivyowahi kupigana vita mwaka 1892, hulitaja kanisa kwa watu wanaokutana, ilhali kirk hulitaja kwa Mwenye nyumba.