Mchele umekwisha, dawa ya presha je?

Assalaam alaykum wenzangu. Leo nnataka kuzungumza kuhusu michango, hii tunayochangishana likitokea balaa la upepo au mvua, kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tokea masika ya mwaka ule maji yalipoingia majumbani kule kwetu Pemba, bondeni.

Maji yaliingia usiku, asubuhi magodoro yako nje yanachuruzika na vyoo vya shimo vimefurika, na mpaka saa sita mchana grupu la watsapu lishajaa watu, wa Unguja, wa bara, wa Omani, kila mmoja anauliza nitume kwa namba gani. Wallahi watu wetu wana huruma. Siku tatu tu tukawa na pesa ambazo mtaani kwetu hatujawahi kuzishika, tukanunua mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, mashuka, sheha yuko mbele sie nyuma, nyumba kwa nyumba, tukapiga picha tukarusha kwenye grupu, kila mtu mashaallah mashaallah. Wiki ya tatu jirani yetu mmoja, mama mtu mzima mwenye presha ya miaka, akaanguka jikoni. Vidonge vyake vilichukuliwa na maji pamoja na kadi yake ya kliniki, na kuomba tena aliona haya maana mchele keshapewa. Nikamwendea mshika fedha kumuuliza kumebaki nini, akanambia hakuna hata mia. Yule mama mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo.

Basi tokea hapo kila nikisikia kimbunga mahala, nnatafuta kujua ile miezi ya baadae ilikuwaje. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, tarehe 20 Septemba 2017, na kwa muda mrefu hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa watu 64. Watafiti wa chuo kikuu cha George Washington wakaja kuhesabu vifo vyote vilivyozidi kawaida mpaka Februari 2018, wakakadiria 2,975, na serikali ya kule ikaikubali hesabu hiyo. Yaani tofauti yote ile si ya watu walioangukiwa na mabati siku ya upepo. Umeme ulikatika miezi, mtu wa sukari insulini yake haina friji, anaesafishwa figo mashine haina umeme, mzee anatumia oksijeni, barabara haipitiki. Hawa walikufa kidogo kidogo, na muda huo walimwengu wengi wameshachanga na wameshasahau.

Na kwa karibu zaidi, iko Pemba ile nyengine, mji wa Pemba kule Cabo Delgado, Msumbiji. Kimbunga Kenneth kiliwapitia kwanza ndugu zetu wa Ngazidja halafu kikaingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuipiga Beira, mji mwengine wa Msumbiji. Visiwa vya huko watu wanasema Kimwani, ukikisikiliza vizuri unaokota maneno mengi, ni jamaa zetu wale. Hazikupita wiki mbili kipindupindu kikatangazwa, maana maji ya mafuriko yakishachanganya kisima na choo ndo kimekwisha hicho kisima, na mtu mwenye kiu hangoji. Beira nako baada ya Idai walipelekewa dozi 900,000 za chanjo ya kipindupindu ya kunywa, na kina sie tunaijua chanjo hiyo, Unguja na Pemba ilitolewa 2009. Sasa dozi peke yake haitoshi, kunatakiwa mtu wa kuzungusha, boti, mafuta ya boti, klorini ya kutia visimani, na hivyo ni vitu ambavyo mchangaji akitumiwa picha yake havimpendezi kama gunia la mchele.

Najua kuna atakaesema vimbunga si vyetu. Wazee wetu wanahadithia kile cha 1872 kilivyoiangusha mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ikapona, ndo karafuu ikawa yetu zaidi mpaka leo. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, na sote tulikesha tunasikiliza upepo. Mafia ni hapo tu jamani.

Kitu kilichonipa moyo ni habari ya Qatar. Kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans, Marekani, mwaka 2005, Qatar ilitoa dola milioni 100, na nilivyosoma nikashangaa, mana hazikuishia chakula cha wiki moja. Zilienda kwenye nyumba za watu, kusomesha wanafunzi, na afya, na sehemu moja ilijenga jengo la skuli ya famasia kwenye chuo cha Xavier, chuo cha Wamarekani weusi pale pale mjini. Fikiria hilo, mji umezama, hospitali kubwa ya masikini, Charity, imefungwa na haikufunguliwa tena, na mtu wa mbali anatoa pesa zake ili wapatikane wafamasia wa miaka inayokuja. Mie hii naiona ni sadaka jaria hasa, ile isiyokatika faida yake, na sie Wazanzibari wakfu tunaujua tokea enzi, tumewekea misikiti, visima, nyumba za kupangisha, kwa nini tusiuwekee ugonjwa unaokuja baada ya maji?

Kwa hiyo kwenye grupu letu nimeomba, na nimebishana na watu sana, wengine niliwakera na bado hawajanisamehe, kwamba kila mchango ukija theluthi moja isiguswe mwezi wa kwanza. Kuna mzee aliniuliza utamwambiaje mwenye njaa leo kwamba pesa ipo ila ya mwezi ujao. Suali hilo lilinikalisha kimya, na sikuwa na jibu zuri zaidi ya kumtaja yule mama. Mwisho tumekubaliana robo. Robo hiyo ni ya dawa za presha na sukari, klorini, kuzibua vyoo, na nauli ya kwenda hospitali kwa mjamzito au mtoto anaeharisha.

Mwenye duka la dawa ametukubalia tuchukue kwa daftari tulipe mwisho wa mwezi. Sasa tunaandika orodha ya wagonjwa wa kila nyumba, dawa gani na miligramu ngapi, nakala moja inakaa kwa sheha ndani ya plastiki isiyoingia maji na nyengine kituo cha afya. Tumefika nyumba 41, zimebaki za upande wa mikoko, huko tunakwenda Ijumaa baada ya alasiri, na yule mama katwambia jina lake liandikwe la kwanza.