Siku yangu moja nikitafuta mti wa uta, Malindi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai ya rangi, mahamri, na ujumbe wa mteja kwenye simu: anataka uta wa kulengea shabaha, na lazima uwe wa mpingo. Karibu wote huanza na mpingo! Mti wenyewe unavutia, mweusi na mgumu, lakini ukiutupa majini unazama. Ncha za uta zikiwa nzito hivyo, nguvu zako zinaishia kuzirusha hizo ncha, mshale unaondoka kivivu.

Saa mbili. Yadi ya mbao. Mvule upo tele, nao kwa milango sina neno. Ila nyuzi zake hupishana, tabaka hili limelalia kulia, lile kushoto. Mgongo wa uta, yaani upande unaotazama shabaha, huvutika kila unapovuta upote, ile kamba ya uta. Nyuzi zikikatikia hapo, kibanzi kinainuka, na uta umekwisha. Nimegeuzageuza mbambakofi pia. Mbao ngumu, safi, lakini msumeno hufuata mstari wa chaki, haujali nyuzi zinaelekea wapi. Nikatoka mikono mitupu, muuzaji kaninunia.

Saa nne na nusu. Matatu ya Kakoneni, kwa mzee mmoja wa Kigiriama ambaye shambani kwake kuna mikone. Msitu wa Arabuko-Sokoke ungekuwa karibu zaidi, ila ule ni hifadhi. Mkone ni mti mdogo, yadi hutaupata, na Wagiriama wa huku wamechonga nyuta zake tangu zamani. Majirani zao Waata walikuwa wakiwinda ndovu kwa nyuta nzito ambazo mgeni akijaribu kuvuta anaaibika. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini jicho la kuchagua mti bado wazee wanalo.

“Unene si kitu, mwanangu,” mzee akaniambia. “Tazama gome.”

Mistari ya gome ikizunguka shina, nyuzi za ndani nazo zimejisokota. Tukaipita mitatu minene iliyosimama peke yake juani, imejaa matawi, na kila tawi ni kifundo. Tuliokata ulikuwa kichakani, umebanwa na wenzake, ukapanda juu bila tawi mpaka kimo cha mtu.

Saa nane. Karakana. Hapa msumeno nauweka kando, nashika kabari na nyundo, kwa kuwa mti ukipasuliwa hufuata nyuzi zake wenyewe. Nusu moja ilitoka imenyooka, ya pili imepinda kidogo ikaenda kwenye kuni. Nikapaka rangi ncha zote mbili zisinyauke haraka zikapasuka, nikaupima kwenye mizani na kuandika uzito kwa chaki. Nitaupima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ndipo randa itaugusa. Mti mbichi ukiuvuta hubaki umepinda.

Saa kumi. Kazi ya uta mwingine, uliokwisha kukauka. Hapa sina haraka. Upana ukiuzidisha mara 2, ugumu nao huzidi mara 2. Unene ukiuzidisha mara 2, ugumu hupanda mara 8. Kwa hiyo napitisha randa kidogo, naupinda, natazama kama pande zote mbili zinakunjika sawa, napitisha tena.

Saa kumi na mbili jioni mteja akapiga. Nikamweleza habari ya mkone, akakubali, kisha akauliza kama hatuwezi kuukausha upesi kwenye oveni ya mkate ya shemeji yake. Nikamwambia oveni aiachie mikate. Uta tutaongea kaskazi ikivuma.