Mguu Mzima: Safari ya Usa River Kumjulia Hali Farasi

Nilipanda Kosta stendi ya Moshi asubuhi, mfuko wa karoti mapajani. Mama aliyekaa pembeni yangu akauliza kama nakwenda kwenye sherehe. Nikamwambia nakwenda kumwona mgonjwa.

"Pole sana. Ni nani wako?"

Nikasita, kisha nikasema ni farasi. Akanitazama, akazitazama karoti, akauhamishia mkoba wake upande wa dirisha.

Mgonjwa mwenyewe ni farasi jike, mwekundu wa kahawia, wa shamba moja la kahawa upande wa Usa River. Mjomba wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, pale tangu mimi nikiwa mtoto. Farasi huyu si wa mashindano, kazi yake ni kubeba wageni kuzunguka mashamba na miteremko ya chini ya Mlima Meru. Siku moja akirudi zizini alitumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo lililochimbwa na mnyama aitwaye muhanga, na kano ya nyuma ya mguu ule ikachanika. Tangu hapo kila jioni mjomba anatuma ujumbe wa sauti: leo kala, leo kagoma kula, leo kakanyaga kidogo. Ujumbe unasambazwa kwa jamaa mpaka shangazi yangu wa Machame, ambaye hajawahi kumgusa farasi maishani mwake, anaamka na kuuliza, "Yule mgonjwa kaamkaje?"

Barabara ya Moshi kwenda Arusha haina siri kwa mtu wa huku. Boma Ng'ombe wachuuzi wa ndizi walizingira madirisha, tukaondoka. Baada ya hapo migomba inakwisha ghafla, unaingia kwenye tambarare kavu ya kuelekea KIA, vumbi linapanda na mlima unabaki nyuma yako. Karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wanawake wa Kimaasai walikuwa wakiswaga punda wamebeba madumu ya maji. Ukanda huu ni wa punda. Farasi ni wachache tangu zamani, na sababu haikuwa bei peke yake: kulikuwa na mbung'o, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, unaoweza kumwangusha mnyama mwenye afya ndani ya siku chache. Farasi waliopo wanakaa miinuko ya baridi, kwenye mashamba makubwa, na watu wengi huwaona wakipita na wageni mgongoni.

Kwa hiyo watu huniuliza imekuwaje mtoto wa Moshi akaanza kufuatilia farasi mgonjwa. Jibu ni Barbaro.

Mwaka 2006 nilikuwa nahudumu kwenye intaneti kafe pale mjini. Mjomba akanipigia: mgeni mmoja kutoka Marekani alikuwa amewasimulia masaisi habari za farasi wa kwao aliyevunjika mguu, halafu mgeni akaondoka na mwisho wa hadithi. "Nitafutie huyo farasi yuko hai au vipi."

Nikatafuta. Barbaro alikuwa ameshinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani, tarehe 6 Mei, akimwacha aliyemfuata kwa urefu wa farasi sita na nusu, na hakuwa amewahi kushindwa. Wiki mbili baadaye, kwenye mbio za Preakness mjini Baltimore, alichomoka langoni kabla ya wakati, wakamrudisha, mbio zikaanza upya, na muda mfupi tu baadaye mguu wa nyuma wa kulia ukavunjika mbele ya jukwaa lililojaa watu. Edgar Prado aliyempanda akavuta hatamu, akaruka chini. Farasi aliyevunjika hivyo kwa kawaida hupigwa sindano ya mwisho palepale uwanjani. Wenye Barbaro, Roy na Gretchen Jackson, waliamua ajaribiwe. Siku iliyofuata Dk. Dean Richardson, wa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliuunga mguu ule kwa bamba la chuma na skrubu 27. Mfupa mmoja ulikuwa vipande zaidi ya 20. Walimwamsha akiwa anaelea kwenye bwawa la maji, ndani ya boya maalumu, ili akishtuka asiurushe mguu ukavunjika tena.

Nilichapisha habari hizo, nikaandika Kiswahili pembeni kwa kalamu, nikatia kwenye bahasha na kumpa kondakta. Ndivyo tulivyoendelea. Mjomba akawa anabandika karatasi kwenye mlango wa banda, na masaisi wakiwa wanapiga mswaki farasi wao wanabishana kama yule wa Marekani atapona. Huko kwao watu walikuwa wakipeleka hospitalini maua, kadi, tufaha na karoti, mabango yakatundikwa kwenye uzio. Karoti hizi za mapajani mwangu nimeziiga kwao, sioni haya kusema.

Mwezi Julai habari zikageuka, na mjomba hakuelewa. Mguu wenye skrubu ulikuwa unaendelea vizuri. Uliomtia hatarini ulikuwa wa nyuma wa kushoto, mguu ambao haukuguswa na kitu. Alinipigia simu kuuliza kama nimekosea kuandika. Sikuwa nimekosea, ila hata mimi sikuwa na maelezo, mpaka daktari wa mifugo alipopita shambani akawaeleza. Farasi ana uzito wa kilo kama 500, na mwili wake haukuumbwa kulala siku nzima. Akiuonea uchungu mguu mmoja, uzito wote anauhamishia mwenzake, usiku na mchana. Sasa ukwato umeshikana na mfupa wa ndani kwa nyama laini, kama ukucha unavyoshikana na kidole, na nyama ile inaishi kwa damu inayopita pale farasi anapokanyaga na kuinua. Asipoinua, damu haizunguki vizuri, nyama inavimba, inaachia, na mfupa unaanza kuning'inia peke yake ndani ya kwato. Kwa Barbaro ilibidi waondoe karibu asilimia 80 ya ukuta wa ukwato ule wa kushoto.

Alipigana mpaka mwaka uliofuata. Miguu ya mbele nayo ilipoanza kuugua, ikawa hana pa kusimamia, na tarehe 29 Januari 2007 wakampiga sindano ya mwisho. Karatasi hiyo mjomba hakuibandika.

Konda alipopaza sauti "Maji ya Chai!" nikazinduka. Mto wa hapa maji yake ni ya rangi ya chai kweli, na yana floridi nyingi inayotia meno madoa ya kahawia. Mama mzazi, Mmeru wa huku, ana meno hayo. Watoto wengine hupinda miguu. Unaweza kuwa na mifupa mibovu kwa kunywa maji tu, bila kukimbia mbio zozote.

Usa River nikachukua bodaboda mpaka getini. Mjomba alinipokea akiwa na ndoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hizo karoti umeziosha?"

Nilidhani atanionyesha mguu wenye bendeji kwanza. Aliupita. Akachuchumaa kwenye mguu wa pili wa mbele, ule mzima, akauzungushia ukwato kiganja, akatulia. Kisha vidole viwili akaviweka juu kidogo, pembeni ya kifundo, anatafuta mapigo ya damu. Kwenye kwato yenye afya mapigo hayo huyasikii kwa urahisi. Yakianza kugonga na ukwato ukawa wa moto, ni balaa.

"Baridi," akasema. Akanishika mkono nami nijaribu. Kweli ulikuwa wa baridi, na sikusikia kitu, na yeye akafurahi kwamba sikusikia kitu.

Anafanya hivyo alfajiri, mchana na kabla ya kulala. Sakafu ya banda wamejaza maranda, marefu ya kuzama mguu, ili kwato zibebwe kote na si kwenye ukingo tu. Kwenye mguu mzima daktari ameweka pedi laini ya kusaidia wayo. Mguu mgonjwa unakandwa kwa maji ya baridi na kufungwa upya, na sasa daktari ameruhusu atembezwe kwa mkono, dakika chache, njia iliyonyooka, bila kukata kona kali. Kano haina haraka. Itachukua miezi mingi, na hata akipona huenda asibebe tena mtu mzima mlimani.

Mpishi wa shamba alikuja kuegemea nusu ya mlango. Yeye haamini kabisa jambo hili. "Punda wa mke wangu aliumia mgongo kwa kamba za madumu, hakuna aliyemletea karoti kutoka Moshi." Watu wakacheka, lakini ana hoja, na mimi sikumjibu kwa mzaha. Mashabiki wa Barbaro nao walisemwa hivyohivyo: pesa yote hiyo kwa mnyama mmoja wa matajiri? Wengi wao baada ya kifo chake waligeukia farasi wasio na jina, wakachanga na kupiga kelele dhidi ya machinjio ya farasi nchini kwao. Huku kwetu kelele za punda zimefika mbali pia: Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilimwambia mpishi kwamba saisi anayejua kusikia joto la ukwato anaweza kumtazama punda wake vilevile. Mjomba akadakia bila kugeuka: "Mlete Jumapili. Na hizo kamba uache, tutafute mikanda mipana."

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamkumbusha kwamba mabaki ya Barbaro yako nje ya lango la Churchill Downs, uwanja wa mbio za Kentucky Derby, yamewekwa hapo mwaka 2009 pamoja na sanamu yake, na kwamba waliomiliki farasi walitaka pawe nje ili mtu afike bila kulipa kiingilio. Mjomba alikuwa hajui. Akasema hapo wamefanya kiungwana, akaongeza sukari.

Karoti alimpa mbili tu. Farasi aliyefungiwa ndani hatakiwi kushibishwa vitamu, kwa sababu unene ni mzigo mwingine juu ya mguu uleule. Zilizobaki zikaenda jikoni kwa mpishi. Mjomba akaniagiza safari ijayo nije na maranda. Maseremala wa mtaani kwetu wanayachoma tu, lakini yawe ya mbao laini, yasiwe na vumbi wala misumari. Nimeshaongea na kondakta mmoja. Anataka nilipie kila gunia kama abiria, na tunaendelea kubishana.